Ramani ya Kijani

Msimu wa kahawa wa mwaka 2008 ulipochanganya, simu ya Yuditha ilikuwa inaita kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Mara nyingi alikuwa Hilda, karani wa kituo cha kununulia kahawa kule Masama, na mara nyingi alikuwa na neno lilelile.

"Shikamoo dada Yudi. Mtandao umelala tena."

"Marahaba. Umelala kabisa au unakwenda polepole?"

"Mimi nitajuaje? Nabonyeza, inazunguka tu. Wazee wamejaa hapa na magunia yao."

Yuditha alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika kampuni moja ya Njoro, mjini Moshi, iliyonunua kahawa ya wakulima wa milimani na mpunga wa Chekereni kule tambarare. Kampuni ilizaliwa baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa watu binafsi, na kulikuwa na jambo moja ambalo ilijivunia mbele ya washindani wake. Mkulima akipima mzigo wake Masama, uzito uliingia papo hapo kwenye kompyuta za Njoro, naye akapewa stakabadhi iliyochapwa. Habari hiyo ilirushwa kwa antena kutoka paa la kituo hadi mnara wa mlimani, na kutoka mnarani hadi ofisini. Siku ikiwa njema, mkulima alirudi kihambani, shambani kwake, mapema na mambo yake mengine yakaendelea. Siku ikiwa mbaya, Hilda alikaa mbele ya skrini iliyoganda huku wanaume waliomzidi baba yake umri wakimtazama bila kusema kitu, na hilo ndilo lililomchosha kuliko makelele.

Mambo yalikuwa yamezidi kuwa magumu tangu mwaka uliotangulia. Mkurugenzi, Bwana Aminieli, alirudi kutoka semina Johannesburg akiwa na wazo jipya, na kabla ya Pasaka seva zote za kampuni, ambazo kila moja ilikuwa na sanduku lake, zikaingizwa ndani ya mashine mbili kubwa. Seva ya mizani, ya barua pepe, ya mishahara, zote sasa zilikuwa seva pepe. Kila moja ilijiona iko peke yake, kumbe zinagawana diski na kumbukumbu kama wapangaji wanaogawana bomba moja la uani. Chumba cha mitambo kilipoa, waya zikapungua, mkurugenzi akafurahi. Lakini mizani ikigoma, hakuna aliyeweza kusema mara moja kosa liko wapi. Huenda ni antena. Huenda ni mnara. Huenda ni mpangaji mmoja amefungua bomba akaliacha linamwagika.

Yuditha alizoea kusema ni mtandao. Thadeus, aliyesimamia minara na mtandao, alizoea kusema ni seva. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, wakila chakula cha mchana meza moja. Msimu ule wakaanza kula kwa zamu.

"Antena yangu inajibu," Thadeus angesema, akimgeuzia kompyuta yake aone. "Angalia mwenyewe. Inajibu."

"Na seva yangu inajibu pia. Basi Hilda anaota?"

Mkurugenzi alipochoka kusikia kila mmoja akimsukumia mwenzake, aliwaita ofisini.

"Nataka chombo," alisema. "Programu itakayoangalia kila kitu, seva na mtandao, ituambie kilichoharibika kabla wakulima hawajatuambia. Wenzetu wote wanazo. Chagueni moja, mniletee."

Ilionekana kazi ndogo. Yuditha alisoma mtandaoni mpaka macho yakauma, akakuta programu za aina hiyo ni nyingi kuliko aina za ndizi, na kila moja ikijisifu kuwa ndiyo yenyewe. Nyingine zilizijua seva pepe vizuri lakini hazikutambua kabisa antena za Thadeus. Nyingine zilijua antena lakini zikaona mashine kubwa kama sanduku moja tupu, bila kujua kuna wapangaji ndani. Baada ya kuchambua na kubishana zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya bure, ngumu kusimika, ya maandishi matupu, lakini unaweza kuifundisha kuangalia chochote. Hiyo aliipenda Yuditha. Nyingine iliuzwa na kampuni moja ya Dar es Salaam, nayo ilichora ramani nzuri ya mitambo yote, kijani kwa kizima na nyekundu kwa kilichokufa. Hiyo aliipenda Thadeus, na mkurugenzi alipoiona kwenye kipeperushi aliipenda zaidi.

Muuzaji alikuja mwenyewe, kijana aliyeitwa Davis, shati lake limenyooka ingawa alikuwa ametoka kwenye basi. Alitundika televisheni kubwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, akaiunganisha na kompyuta aliyokuja nayo, akabonyeza hapa na pale, na ramani ya Kilimanjaro ikatokea. Njoro kijani. Mnara kijani. Masama kijani, Chekereni kijani.

"Sasa bosi, hapa hata mgeni akiingia anaona kampuni iko fiti," Davis alisema.

Simu ya Yuditha ikatetemeka mezani. Alisoma ujumbe, akainua macho kuitazama ramani, akausoma tena.

"Hilda anasema mizani ya Masama haifanyi kazi," alisema.

Wote wakaitazama Masama ukutani. Ilikuwa kijani kama jani la mgomba.

"Antena inajibu, dada, ndiyo maana ni kijani," Davis alieleza kwa upole. "Kuangalia programu ya mizani yenyewe, hiyo ni sehemu nyingine. Inanunuliwa pembeni."

"Kwa hiyo ramani inasema kizima wakati mtu hawezi kupima kahawa."

"Inasema antena ni nzima."

"Hilda hapimi kahawa kwenye antena."

Thadeus alitazama dirishani. Mkurugenzi alikohoa, akasema kila kitu kipya kina dosari zake, na kwamba badala ya kubishana zisimikwe zote mbili, zifanye kazi sambamba, halafu wataamua. Davis alifurahi sana. Yuditha aliuliza ramani ya Davis itakaa kwenye kompyuta gani.

"Hamna haja ya kununua kompyuta," Davis alijibu. "Mna mashine kubwa mbili hapo, zina nafasi. Naiweka kama seva pepe moja tu ndani yake."

"Ndani ya mashine ileile inayotakiwa kuiangalia?"

"Dada, hizo mashine hazifi ovyo."

Yuditha alisema mbele ya wote kwamba haikumpendeza. Mkurugenzi alisema kununua kompyuta nyingine wakati wametoka kuzipunguza ni kurudi nyuma, na shauri likaishia hapo. Ya kwake Yuditha aliisimika kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, akaiweka chini ya meza ya Thadeus na betri yake pembeni, akaiunganisha na kifaa cha simu ili itume ujumbe mfupi panapotokea hitilafu. Alifanya kazi hiyo wiki nzima huku Davis akinywa soda na mkurugenzi.

Programu ya Yuditha ilifanya kila alichoiagiza, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Umeme wa Chekereni ulikuwa wa kukatika na kurudi. Ukikatika, programu ilituma ujumbe kwamba antena ya Chekereni imezima. Ikatuma mwingine wa kompyuta ya mizani. Mashine ya kuchapia, swichi ya mtandao, kila kilichokuwa nyuma ya antena kikapata ujumbe wake. Umeme ukirudi, ikatangaza kwamba vyote vimefufuka. Yuditha alikuwa ameorodhesha namba tatu za kupokea ujumbe: yake, ya Thadeus, na ya mkurugenzi, ambaye alisisitiza awemo.

Jumapili iliyofuata mkurugenzi alikuwa usharikani, amekaa mbele kabisa pamoja na wazee wa kanisa, simu yake ikaanza kulia mfukoni. Aliizima sauti, ikaendelea kutetemeka kwenye ubao wa benchi. Mchungaji alinyamaza kidogo katikati ya mahubiri, akamtazama, akaendelea.

Jumatatu alimwita Yuditha.

"Toa namba yangu."

"Mzee, nitapunguza ujumbe. Nipe siku chache tu, kuna namna ya kuifundisha kwamba antena ikizima, vya nyuma yake vinyamaze."

"Toa namba yangu kwanza. Hayo mengine utaifundisha baadaye."

Aliitoa. Siku chache alizoomba hazikupatikana, kwa sababu kila alipokaa kuifundisha programu, Hilda alipiga simu, au mishahara iligoma, au Davis alitaka nywila fulani ili aongeze rangi ya njano kwenye ramani. Thadeus naye aliziba sauti ya ujumbe kwenye simu yake bila kumwambia. Yuditha alikuja kugundua tu siku alipomuuliza kama ameona taarifa ya mnara.

"Sikuiona," Thadeus alisema. "Zinakuja nyingi, nimeziweka kimya."

"Sasa inakusaidia nini?"

"Hainisaidii, Yuditha. Ndicho ninachokwambia kila siku. Inapiga kelele kama kuku aliyetaga, halafu ukienda kuangalia hamna yai."

Yuditha mwenyewe usiku uliopita alikuwa ameifunika simu kwa mto. Hilo lilimkera kuliko maneno ya Thadeus.

Mkutano wa kuamua ulipangwa siku ya Alhamisi, katikati ya Novemba, wakati kahawa nyingi inateremka. Mkurugenzi alikuwa amechoshwa na mambo ya simu, akaagiza kila mtu aiache simu yake mapokezi kwa Bernadetha, na Bernadetha akaambiwa asiwasumbue mpaka watoke. Wakaingia chumba cha mikutano: mkurugenzi, Yuditha, Thadeus, na Davis aliyepanda tena kutoka Dar. Ukutani ramani ilikuwa inang'aa kijani toka juu mpaka chini.

Davis alizungumza kwanza, akachukua muda wake. Thadeus akaongeza kwamba watu hawawezi kuishi na ujumbe usiokoma, na kwamba ramani angalau unaiona kwa jicho moja unaelewa. Yuditha alipopewa nafasi alisema programu inayoogopa kukukera haina faida. Thadeus akamjibu kwamba inayokukera mpaka ukaizima haina faida pia. Wakaendelea hivyo, wakirushiana maneno yaleyale waliyokwisha kurushiana tangu mwezi uliotangulia, mkurugenzi akichora visanduku kwenye karatasi. Kila mmoja wao, akitafuta la kusema, aliinua macho akaitazama ramani, nayo ilikuwa kijani.

Bernadetha aligonga mlango akaingia bila kusubiri kuitikiwa.

"Samahani mzee. Najua ulichosema. Lakini simu zenu zimelia mpaka zimeanguka kutoka mezani, na Hilda amepiga ya ofisini mara nyingi nimeshindwa kuhesabu. Analia."

"Masama?" Yuditha aliuliza.

"Masama, Chekereni, na wahasibu hapo chini wanasema mishahara haifunguki."

Wote wanne waligeuka kuitazama ramani. Yuditha alisimama akaenda mpaka ukutani, akatazama kona ya chini ya televisheni ambako saa ya programu ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Ilikuwa imesimama. Mashine kubwa ya kwanza ilikuwa imekufa tangu mkutano unaanza, ikafa na wapangaji wake wote, seva ya mizani, ya mishahara, na ya Davis iliyokuwa inachora ramani. Waliyokuwa wakiitazama ilikuwa picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini.

Yuditha alitoka mbio kuelekea chumba cha mitambo, Thadeus nyuma yake.

Ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Mashine ya kwanza haikuitika. Walianza kuwahamishia wapangaji kwenye mashine ya pili, lakini kumbukumbu ya mashine ya pili haikutosha wote.

"Tunamwacha nani nje?" Thadeus aliuliza.

"Washa mizani kwanza. Na stakabadhi."

"Mishahara?"

"Leo si mwisho wa mwezi. Iache."

"Ramani?"

Yuditha alimtazama tu. Thadeus akainamisha kichwa, akaendelea kuandika amri. Walifanya kazi bega kwa bega bila kubishana, yeye akisoma, mwenzake akiandika, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na seva ya mizani ikainuka. Yuditha alimpigia Hilda.

"Jaribu sasa."

Sauti ya mashine ya kuchapia ikasikika kwenye simu.

"Imetoa," Hilda alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Lakini dada, nimchapie nani? Manyunyu yalianza, wazee wakaogopa kahawa kavu ya maganda italowa. Wamebeba mizigo wamevuka barabara kwa wale wanunuzi wengine. Kule wanapima kwa mizani ya kawaida na kalamu. Hata mzee Eliufoo."

Mzee Eliufoo alikuwa baba yake Yuditha.

Alasiri mkurugenzi aliwaita tena. Davis alikuwa ameshakusanya vitu vyake na kuaga kwa sauti ya chini. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Nani alichagua kuweka kile kitu ndani ya mashine ileile?" mkurugenzi aliuliza.

Yuditha alimtazama Thadeus, akamtazama mkurugenzi, akaona kwamba mzee naye anajua jibu, na kwamba alikuwa anauliza kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Mzee, hata ya kwangu haikutusaidia," alisema. "Ilituma ujumbe sawasawa, lakini tulikuwa tumeshaichoka, simu tukazifungia mapokezi. Tumekuwa tukibishana chombo gani kizuri. Hatujawahi kukaa tukasema tunataka kujua nini, na nani atanyanyuka akishaambiwa."

"Basi kaeni mkaseme," mkurugenzi alisema kwa uchovu. "Mimi nimechoka na ramani."

Kesho yake Yuditha na Thadeus walipanda Masama na gari la kampuni. Walikaa siku nzima kwenye kituo cha Hilda, kwenye benchi, wakimwangalia anavyofanya kazi. Wakulima walikuwa wachache. Waliokuja waliwasalimu kwa ukavu, na mzee mmoja aliuliza kama leo mashine imeamka vizuri. Hilda hakucheka. Aliwaonyesha anapobonyeza, panapozunguka, na jinsi anavyojua, kwa mlio wa mashine ya kuchapia, kwamba stakabadhi itakwama. Thadeus aliandika mkononi kwa kalamu, kisha akamgeukia Yuditha.

"Tuifundishe ya kwako ifanye kama Hilda," alisema. "Kila baada ya muda ijifanye karani, ipeleke uzito wa uongo, isubiri stakabadhi. Isipopata, iseme. Hayo ya antena na swichi tuyaone sisi tukiyatafuta, yasituamshe."

"Na umeme wa Chekereni?"

"Ujumbe mmoja. Antena imezima, basi. Mimi ndiye nitakayeuandika, ni mtandao wangu."

"Nilikuwa nasema hivyo tangu mwanzo."

"Ulikuwa unasema, Yuditha. Hukuwa umefanya."

Yuditha alitaka kukasirika, lakini hakukuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Alichukua kalamu, akamwandikia kwenye kiganja jambo moja ambalo Thadeus alilisahau: diski ikikaribia kujaa, iseme mapema.

Jioni, kabla ya kuteremka, aliomba wapitie nyumbani. Baba yake alikuwa uani akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Aliendelea kukata. "Umekuja na gari la ofisi."

"Nimekuja kukuomba radhi kwa jana."

Mzee Eliufoo aliweka panga chini, akaketi kwenye kigoda, akamtaka aeleze kilichotokea. Yuditha alieleza kwa maneno mepesi, kuhusu mashine mbili, ramani, na jinsi walivyokaa mkutanoni wakiitazama picha. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mlikuwa mkutanoni mnajadili nini?"

"Namna ya kujua mashine ikiharibika."

Mzee alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakohoa, na Thadeus, aliyekuwa amesimama kando ya gari, akacheka pia. Yuditha ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa amechoka mno, na kwa kweli hakuona kichekesho.

"Kule ng'ambo ya barabara wamenipimia vizuri," baba yake alisema baadaye, akijifuta macho. "Sitawaacha katikati ya msimu. Si ustaarabu."

"Sawa baba."

"Kaa unywe chai basi."

Programu ya bure ndiyo iliyobaki. Waliipunguza mpaka ikawa inaangalia mambo machache tu, wakailetea kompyuta nzuri zaidi nje ya zile mashine mbili, na Thadeus akashika zamu ya ujumbe wiki moja, Yuditha wiki inayofuata, ili kila mara awepo mtu mmoja ambaye hawezi kusema alidhani mwenzake ameona. Mkurugenzi alinunua mashine nyingine kubwa badala ya ile iliyoungua, akanung'unika, lakini alinunua. Mizani haikuacha kugoma. Iligoma mara kadhaa kabla ya Krismasi, na walau mara mbili Yuditha alimpigia Hilda kumwambia mtandao umelala kabla Hilda hajamaliza kubonyeza.

"Umejuaje?" Hilda aliuliza mara ya kwanza.

"Imeniambia."

"Haya. Sasa itaamka lini?"

Hilo programu haikuwa na jibu lake, na Yuditha alikwenda kulitafuta.

Baba yake aliuza ng'ambo ya barabara msimu ule wote. Mwaka uliofuata, kahawa ya kwanza ilipokauka, alibeba gunia lake mpaka kwa Hilda, akasubiri stakabadhi, akaikunja, akaondoka. Hakusema kwa nini amerudi, na Yuditha, aliyesikia habari hiyo kwa simu, hakumuuliza.